Maswali ya Wasomaji: Nauli Nafuu za Mabasi Kati ya Miji Mikubwa

Barua zinazohusu mabasi ya nauli nafuu kati ya miji mikubwa zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzitengea safu nzima ya toleo hili. Waandishi wake wana shida tofauti, lakini karibu wote, kila mmoja kwa njia yake, wanauliza jambo moja: abiria anapolipa kidogo, ni kitu gani kilichopunguzwa? Swali hilo ni la haki, na kila msafiri anastahili kulijua jibu lake kabla hajapanda basi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu wa kazini tulisafiri kwa basi moja, siku moja, tukakaa viti vinavyofuatana. Tulipolinganisha tiketi nikakuta yeye amelipa chini ya nusu ya nauli niliyolipa mimi. Je, niliibiwa? Na kama sikuibiwa, nifanye nini safari ijayo?
Msomaji aliyelipa zaidi

JIBU: Ndugu yangu, hukuibiwa, ingawa naelewa kwa nini umeudhika. Basi la viti hamsini linapotoka kituoni, karibu gharama zake zote zimekwisha kujulikana: mshahara wa dereva, mafuta, ushuru wa barabara, ada ya kituo, bima, na deni la kununulia basi lenyewe. Gharama hizo hazipungui kwa kiasi cha maana hata kama ndani wamo abiria kumi tu. Kiti kilichobaki kitupu, kwa upande mwingine, hakiwekwi akiba kikauzwa kesho; mlango ukishafungwa, fedha zake zimekwenda. Kwa hiyo kampuni huona heri kuuza viti vichache vya mwanzo kwa bei ya chini sana kwa watu walio tayari kupanga mapema, kisha kupandisha nauli hatua kwa hatua kadiri viti vinavyojaa na siku ya safari inavyokaribia, kwa kuwa anayenunua siku ya mwisho kwa kawaida ni mtu asiye na budi kusafiri. Mwenzako alinunua katika hatua za chini, wewe ukanunua katika hatua za juu.

Utaratibu huu ulianzia kwenye ndege ukahamia kwenye mabasi. Mwaka 2003 kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilianzisha Megabus, iliyouza tiketi kwa intaneti kwa nauli zilizoanzia pauni 1, na mwaka 2006 ikaupeleka mtindo huo Marekani. Ujerumani ilikuwa imeyabana mabasi ya masafa marefu kwa miongo mingi ili yasishindane na reli. Ilipoondoa kizuizi hicho tarehe 1 Januari 2013, kampuni mpya zilimiminika barabarani, FlixBus ikiwa mojawapo, na nauli zikashuka. Ufaransa nayo ilifungua soko lake mwaka 2015. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba nauli ndogo inaweza kutoka mahali halali kabisa: viti vilivyojaa, tiketi zilizouzwa bila gharama ya dirisha la tiketi, na ushindani wa kweli.

Safari ijayo, angalia nauli mara tu unapoijua tarehe, wala usiamini kwamba ukingoja hadi dakika za mwisho bei itaporomoka; kwa mabasi ya aina hii mara nyingi hupanda. Ijumaa jioni, Jumapili jioni na siku zinazopakana na sikukuu ndizo za gharama kubwa, ilhali katikati ya wiki, na hasa mabasi ya mapema asubuhi au ya saa za mchana ambazo wafanyakazi wako kazini, nauli hushuka. Linganisha pia vituo tofauti vya mji ule ule, maana kampuni moja inaweza kuwa na nauli mbili kwa vituo viwili vilivyo karibu. Jambo ninalokusihi uliangalie kuliko yote ni masharti. Nauli ya chini kabisa mara nyingi hairejeshwi wala haibadilishwi tarehe, na mtu ambaye ratiba yake inaweza kuyumba atafanya vyema kununua ile inayofuata, inayoruhusu mabadiliko, kuliko kununua tiketi mbili za bei ya chini na kuitumia moja.

SWALI: Mhariri, ndege kati ya mji wangu na mji ninaofanyia biashara inachukua saa moja tu, basi linachukua saa tano na nusu. Marafiki wananiambia kwamba napoteza muda. Umbali ni kilomita 400. Unaonaje?
Mfanyabiashara mdogo

JIBU: Marafiki zako wanahesabu muda wa ndege angani peke yake. Hesabu safari nzima, kuanzia unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapobisha hodi unakokwenda. Uwanja wa ndege aghalabu uko nje ya mji, basi weka saa moja ya kwenda. Weka saa moja na nusu au mbili za kusubiri na kukaguliwa, saa moja ya angani, nusu saa ya kushuka na kungoja mzigo, na saa nyingine ya kuingia mjini. Hapo umekaribia saa tano na nusu, na umebadilisha kiti na foleni mara kadhaa, wakati kwenye basi ungekaa mahali pamoja ukaweza kusoma hesabu zako au kulala. Kwa umbali wa kilomita 400 basi halishindwi kwa tofauti kubwa. Umbali ukifika kilomita 800, hoja hiyo inaanza kulegea, na mimi mwenyewe ningetafuta treni ikiwa ipo.

Hata hivyo, tumia uangalifu ule ule upande wa basi. Kampuni zinazouza nauli za chini hupenda kushushia abiria pembezoni mwa mji, kwenye maegesho au karibu na barabara kuu, kwa sababu ada ya kituo cha katikati ni kubwa na msongamano wa mjini hula muda wa dereva. Teksi ya kutoka huko usiku inaweza kuzidi nauli yenyewe. Kabla hujalipa, tazama kwenye ramani basi linasimama wapi hasa, kisha uulize usafiri wa umma wa mwisho kutoka hapo unaondoka saa ngapi.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye tiketi. Katika takwimu za serikali ya Uingereza, basi la masafa marefu linahesabiwa kutoa chini ya gramu 30 za hewa ya ukaa kwa kila abiria kwa kila kilomita, wakati ndege ya safari za ndani ya nchi inatoa mara kadhaa ya hizo. Anayelijali jambo hilo, na naamini tunapaswa kulijali, ana sababu ya kuchagua basi hata siku ambayo nauli za ndege zimeshuka.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, na nasafiri kati ya miji miwili iliyo umbali wa saa tisa kwa barabara. Basi la usiku linaniokolea gharama ya kulala hotelini, tena nauli yake ni ndogo kuliko ya mchana. Wazazi wangu hawataki hata kulisikia. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazazi wako wana sababu ya msingi, nawe una sababu ya mfuko wako, na mnaweza kupatana mkikaa pamoja kulichunguza jambo moja ambalo abiria wengi hawaliulizi, nalo ni usingizi wa dereva. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na hamu ya kulala huwa kali kuliko wakati wowote kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, hata kwa mtu aliyezoea kazi za usiku. Kahawa husaidia kwa muda mfupi. Redio na upepo wa dirishani husaidia kidogo zaidi ya bure. Dereva aliyechoka si lazima asinzie kwa dakika nzima ndipo maafa yatokee. Basi linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita zaidi ya mita 110 katika sekunde nne, na sekunde nne ni muda ambao kope zinaweza kufumba na kufumbuka bila mwenyewe kujua kwamba alikuwa amelala.

Tarehe 12 Machi 2011, kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, basi lililokuwa likirudi New York kutoka jimbo la Connecticut liliacha barabara, likapinduka na kugonga nguzo ya bango la barabarani, na abiria 15 wakafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari kwa sababu ya uchovu: hakuwa amepata usingizi wa kutosha, na saa yenyewe ilikuwa ile ambayo mwili hudai kulala. Wazazi wako wanapokataa basi la usiku, hofu yao inatokana na mambo ya namna hii, na si vyema kuwacheka.

Nchi nyingi zimeweka mipaka ya sheria. Kwa Kanuni namba 561 ya mwaka 2006, Umoja wa Ulaya unamtaka dereva wa mabasi ya masafa marefu apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku isipokuwa mara mbili kwa wiki anapoweza kufikia saa 10, na muda wake wote unaandikwa na kifaa kilichofungwa ndani ya gari ambacho askari anaweza kukikagua. Nchini Marekani dereva wa abiria haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 10 baada ya mapumziko ya saa 8 mfululizo. Sasa iangalie safari yako kwa macho hayo. Saa tisa zinagusa kikomo cha siku nzima cha dereva mmoja, kwa hiyo basi lako la usiku likiwa na dereva mmoja tu, kampuni imejinyima nafasi yoyote ya kuchelewa, na barabara zisizochelewesha basi ni chache.

Piga simu kwenye kampuni uulize madereva wako wangapi na wanabadilishana wapi. Utaratibu ulio bora ni ule ambao dereva wa pili anawangoja kwenye kituo cha katikati ya safari, akiwa ametoka kulala kitandani. Madereva wawili wanaopokezana ndani ya basi hilo hilo ni afadhali kuliko mmoja, lakini usingizi wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi linalotikisika haulingani na usingizi wa kitandani. Kampuni yenye utaratibu mzuri itakujibu bila kusita. Ile inayokuuliza kwa nini unataka kujua imekwisha kukujibu, na hapo nakushauri utafute nyingine, hata kama nauli yake ni kubwa zaidi. Nauli inaweza kupunguzwa kwa kujaza viti, kwa kupunguza huduma ndani ya basi, hata kwa kuhamia kituo cha pembezoni, na sote tukaendelea kusafiri salama. Haiwezi kupunguzwa kwa usingizi wa dereva.

Ukiwa ndani, funga mkanda muda wote, pamoja na muda wa kulala; huo ndio muda ambao watu huufungua. Basi linapopinduka, wengi wanaokufa ni wale waliorushwa nje kupitia madirisha, na kwa sababu hiyo Marekani ililazimisha mabasi mapya ya masafa marefu kuwa na mikanda ya kiunoni na begani kuanzia Novemba 2016. Vuta mkanda wako uuone unavyoshika kabla basi halijaondoka, na ukikuta umekatika au umefukiwa chini ya mto wa kiti, omba kiti kingine wakati viti bado vipo. Ukiona basi linavuka mstari wa barabara na kurudishwa kwa ghafla, au mwendo unapanda na kushuka bila sababu, au dereva anajisugua uso mara kwa mara, usikae kimya ukitumaini kwamba mtu mwingine atasema. Mwamshe dereva wa pili au mwite mhudumu, zungumza kwa heshima, omba basi lisimame kwenye kituo kinachofuata. Abiria wawili watatu wakisema kwa pamoja, ni vigumu kupuuzwa.

Waeleze wazazi wako kwamba utapanda basi la usiku lenye madereva wawili, lenye mikanda, na linalofika baada ya kupambazuka. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa kuwa nauli ya basi linalokushusha saa kumi alfajiri kwenye kituo kilichofungwa haifidii saa mbili za kukaa peke yako gizani na mizigo. Usipolipata basi la namna hiyo, safiri mchana.

SWALI: Mhariri mpendwa, nina mtoto wa miaka mitano anayetapika kila tunapopanda basi. Siwezi kumudu usafiri mwingine. Tukae wapi, nami nimfanyie nini?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Pole sana, mama. Kichefuchefu cha safari hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo wakati macho yanaona kiti cha mbele ambacho hakisogei, na ubongo unashindwa kuzipatanisha habari hizo mbili. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi, kwa hiyo kuna matumaini ya kweli kwamba wako ataliacha tatizo hili anavyokua.

Kiti ni nusu ya tiba. Mabasi mengi ya masafa marefu yana injini nyuma, na sehemu inayopita magurudumu ya nyuma huyumba na kurushwa kuliko sehemu nyingine zote. Huko pia ndiko kwenye joto, mlio na mara nyingine harufu ya choo. Chagua kiti cha kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukielekea mbele zaidi, dirishani, ili aone barabara na upeo wa macho. Kama kampuni inatoza ada ndogo ya kuchagua kiti, hii ni safari ambayo ningeilipa bila kunung'unika. Fikiria na jua: basi linaloelekea kaskazini asubuhi lina jua upande wa kulia, na jioni upande wa kushoto, linaloelekea kusini ni kinyume chake. Mtoto anayeunguzwa na jua kupitia kioo kwa saa tatu atachafukwa na tumbo hata barabara ikiwa imenyooka.

Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla, usimpakie akiwa na njaa wala akiwa ameshiba sana, na mnyweshe maji kidogo kidogo. Simu na kitabu cha picha viwe mbali. Hadithi ya mdomo, au mchezo wa kuhesabu magari ya rangi fulani, humfanya aangalie nje. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo na nyingine zinafaa watoto, lakini hutolewa kabla ya safari kuanza na kipimo chake hutegemea umri na uzito, basi mwone mfamasia kwanza. Weka mifuko miwili imara, kitambaa chenye unyevu na nguo moja ya kubadilisha mahali ambapo mkono wako unafika bila kuinuka.

Mnunulie kiti chake mwenyewe. Najua ni gharama, lakini mtoto aliyepakatwa hana ulinzi wowote, na kumfunga pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu basi likigonga, uzito wako wote utambana yeye dhidi ya mkanda.

SWALI: Ndugu Mhariri, begi langu liliwahi kuchukuliwa na abiria mwingine aliyeshuka kabla yangu. Nawezaje kuzuia lisitokee tena?
Msafiri wa mara kwa mara

JIBU: Mabegi meusi yanafanana, na buti la basi hufunguliwa kwa haraka. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, andika jina na namba ya simu nje na pia ndani ya begi, lipige picha kabla ya kulikabidhi, na dai kipande cha lebo kama kampuni inazitoa. Penye vituo vya njiani, kaa upande wa mlango wa buti uangalie kinachotoka. Pasipoti, fedha, dawa na kompyuta visiingie buti kamwe.

SWALI: Mhariri, nilinunua tiketi kwenye programu ya kampuni maarufu, lakini basi lililokuja lilikuwa na jina la kampuni nyingine kabisa ubavuni. Nilisita kupanda. Je, nilidanganywa? Na nitajuaje tovuti ya kweli na ya matapeli?
Msomaji mwenye shaka

JIBU: Shaka yako ilikuwa ya busara. Inawezekana sana kwamba hukudanganywa, kwa sababu baadhi ya kampuni kubwa hazimiliki sehemu kubwa ya mabasi yanayobeba rangi zao. FlixBus, kwa mfano, hupanga njia, huuza tiketi na kuweka nauli, huku kampuni washirika za maeneo mbalimbali zikimiliki mabasi na kuajiri madereva. Siku za msongamano huletwa basi la akiba ambalo halijapakwa rangi za muuzaji. Tiketi yako inapaswa kutaja kampuni inayosafirisha, mara nyingi kwa maandishi madogo chini. Lilinganishe jina hilo na lile lililoandikwa ubavuni au karibu na mlango wa basi. Yakilingana, panda bila wasiwasi. Yasipolingana, muulize mhudumu mwenye orodha ya abiria akuonyeshe jina lako.

Jina hilo la pili, la mwenye basi, ndilo unalopaswa kulichunguza ukitaka kujua habari za usalama, maana ndiye anayempangia dereva zamu na kuyatunza magurudumu. Nchi nyingi zina mamlaka inayotoa leseni. Marekani imekwenda mbali zaidi: kila basi linalovuka mipaka ya majimbo hubeba ubavuni namba ya USDOT, yaani namba ya usajili ya Wizara ya Usafiri ya nchi hiyo, na mtu yeyote anaweza kuiingiza kwenye hifadhidata ya serikali akaona leseni, bima, ukaguzi na ajali za kampuni hiyo. Hizo taarifa zipo kwa ajili yetu abiria, na natamani tungezitumia zaidi.

Kuhusu matapeli, usifuate tangazo la nauli ya ajabu lililotumwa kwenye kundi la simu. Andika mwenyewe anwani ya kampuni, soma herufi zake moja moja, na mtu akikutaka umtumie fedha kwenye namba yake binafsi ili akutumie picha ya tiketi, achana naye. Kwa safari iliyo mpya kwako, lipa kwa namna inayoacha kumbukumbu na inayokuwezesha kurejeshewa fedha.

SWALI: Mhariri, basi langu lilichelewa kuondoka kwa saa mbili na nusu, nikakosa ndege niliyokuwa nimeilipia kwa tiketi tofauti. Kampuni ya basi imeniomba radhi tu. Ndege imekataa kunirudishia. Nina haki gani?
Abiria aliyekwama

JIBU: Pole ndugu yangu, hasara kama hiyo inauma. Haki yako inategemea safari ilianzia wapi na sheria ya hapo inasemaje. Mfano ulio wazi kuliko mingi ni Kanuni namba 181 ya mwaka 2011 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 1 Machi 2013 na ambayo haki zake nyingi ni za safari za ratiba zenye njia ya kilomita 250 au zaidi. Kampuni inapotarajia kwamba basi litachelewa kuondoka kituoni kwa zaidi ya dakika 120, au inapolifuta, lazima imwache abiria achague kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine bila gharama ya ziada. Isipompa nafasi hiyo ya kuchagua, anastahili pia fidia ya nusu ya nauli. Ikiwa safari imepangwa kuchukua zaidi ya saa tatu, na kuondoka kumecheleweshwa zaidi ya dakika 90, anastahili vitafunio au mlo kulingana na muda wa kungoja. Malalamiko yanapelekwa kwa kampuni ndani ya miezi mitatu.

Ukiisoma kwa makini utaona pengo lake. Inahesabu kuchelewa kuondoka, si kuchelewa kufika. Basi lililoondoka kwa wakati likakwama kwenye foleni kwa saa tatu halikupi fidia hiyo, na ndege uliyoikosa kwa tiketi tofauti haimo, kwa sababu kampuni ya basi ilikuahidi kukufikisha kituoni kwake na wala haikujua kwamba una ndege. Hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili, na hatari ya katikati ni ya msafiri mwenyewe. Naona si haki kwamba maskini, ambaye ndiye anayeunganisha tiketi za bei ya chini, ndiye anayebeba hatari hiyo peke yake, na ningependa watunga sheria waliangalie upya.

Kwa sasa, iandikie kampuni rasmi, ueleze muda wa kuondoka uliopangwa na muda halisi, ambatanisha tiketi, ujumbe wa simu uliotumiwa na picha ya ubao wa matangazo kama uliipiga, kisha taja kiasi unachodai na tarehe unayotaka kujibiwa. Kama hawakukupa nafasi ya kuchagua kabla basi halijaondoka, liseme hilo waziwazi, maana hapo ndipo dai lako lina nguvu. Wasipojibu, peleka nakala kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi ambamo safari ilianzia. Angalia pia kama kadi ya benki uliyolipia ndege ina bima ya safari, kwa kuwa baadhi yake hulipa pale usafiri wa umma unapochelewa, na wenye kadi wengi hawajui kwamba bima hiyo wanayo.

Safari nyingine ikikulazimu kuunganisha basi na ndege, panda basi ambalo hata likichelewa saa tatu bado utawahi ukaguzi, na kama ndege ni ya asubuhi sana, safiri jana yake.